Aliyemwagilia Kitalu cha Nyang'au

Nyang'au aliporudi kutoka likizo, Januari ya mwaka 1968, miche yake ya chai haikuwa imekufa. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Alikuwa karani wa kupima majani katika kituo kimoja karibu na Kimulot. Kwa wiki tatu yeye, mkewe Nyatichi na binti yao Sellah walikuwa Kisii, na kwa wiki tatu mvua haikunyesha. Watoto wawili waliomtangulia Sellah walizikwa kabla ya kujua kutembea. Huyu alikuwa amefika miaka sita, na bado Nyatichi alimwinamia kila alfajiri kusikiliza kama anapumua.

Kumwagilia kitalu ilikuwa kazi ya jirani yao, Kiplangat. Nyang'au alipokuta udongo wa miche umelowa na majani yanang'aa, alichukua pakiti ya sukari akaenda kushukuru. Alimkuta Kiplangat kitandani, mguu umefungwa plasta.

"Nilianguka na baiskeli Litein siku ile ile mliyoondoka," alisema Kiplangat. "Sijagusa miche yako, Karani. Nisamehe."

"Nani amemwagilia, basi?"

Chepchumba, mke wa Kiplangat, alicheka kutoka jikoni. "Si mama yako? Ninyi Wakisii mnapenda kazi, lakini kumwachia mzee debe kwa jua hivyo! Kila siku saa sita namsalimia, hainui kichwa. Nikasema, huyu ana maringo kama mtoto wake."

"Mama yangu alikufa mwaka wa sitini na moja."

Chepchumba akaacha kucheka. Alitoka jikoni, akaketi, na sauti yake ikashuka. Kabla Nyang'au hajanunua shamba lile, alisema, mwanamke asiye na mtoto aliishi pale penye kitalu. Alikufa peke yake, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake.

"Ninyi mnasema jini. Sisi tunasema oiik, wafu ambao hawajaenda mbali. Sasa sikiliza, Karani. Amekufanyia kazi, na mtu wa kazi hupewa kinywaji chake aende. Tia pombe ya wimbi kwa kibuyu, weka nje ya ua, umwambie kazi imekwisha. Usimpe kitu cha ndani ya nyumba."

"Mimi ni Msabato. Pombe haitafika kwangu."

"Haya. Mwimbie nyimbo za kanisa."

Kesho yake saa sita mchana Nyatichi alisikia maji yakimwagika kitaluni, na harufu ya udongo wa chini, ule unaotoka shimoni, ikaingia jikoni. Debe la kumwagilia lilikuwa limetundikwa ukutani, kavu. Hakumwona mtu, ila miche ilikuwa ikiinama mstari baada ya mstari, kana kwamba kuna anayepita.

"Baba Sellah," alinong'ona, "mpe chochote aende."

Nyang'au alichukua kilichokuwa karibu, kikombe cha bati cha Sellah. Akakijaza maziwa, akakiweka katikati ya miche. "Asante kwa kazi," alisema. "Kunywa." Jioni alikikuta kitupu, kimesuguliwa kwa jivu.

Chepchumba alipoambiwa alijishika kichwa. "Maziwa ya nyumba? Kwa kikombe cha mtoto? Mtu wa kazi hanywi hapo, Karani. Anayenywa hapo ni nyanya ya mtoto. Umempokea."

"Nitaweka hiyo pombe."

"Weka. Lakini mtu wa kazi unamwachisha. Nyanya utamwachisha vipi?"

Nyang'au alinunua pombe, akaileta nyumbani ameificha ndani ya koti, akaiweka nje ya ua; ikakaa siku tatu hadi nzi wakafia ndani yake. Na Sellah alikuwa ameanza kuamka na kiu, akimaliza birika, kisha ndoo, huku midomo ikipasuka na ngozi ya mikono ikibabuka, na kila adhuhuri alitoroka akaketi kati ya miche, kichwa amekiinamisha upande kama anayesimuliwa jambo, na mama yake alipomshika mkono mmoja ili amtoe alihisi kuwa mkono wa pili umeshikwa pia, si kwa nguvu, bali kwa subira, kama anavyoshika mtu asiye na haraka. Nyang'au aling'oa miche yote akaichoma moto. Kiu haikupungua.

Wakampeleka hospitali ya misheni. Siku ya tatu, alasiri, Sellah aliomba uji, akaumaliza, wala hakuomba maji. Nyatichi alitoka kuosha bakuli bombani akilia kwa furaha. Nyang'au, aliyekuwa uani, alisimama kumpokea.

Nesi Mellen aliwafuata hapo bombani. "Mama Sellah, nendeni mpumzike, wewe na Baba Sellah. Hamjalala tangu mje. Nyanya yake amefika, anasema atabaki naye."

"Nyanya gani?" aliuliza Nyang'au.

"Huyo mzee mpole. Hasemi sana. Nimemwachia kiti."

Walikimbia. Kiti kilikuwa kitupu, kimesogezwa hadi kwenye mto. Sellah alikuwa amelazwa ubavu, uso umepanguswa, shuka limechomekwa pande zote kwa uangalifu, kama anavyofunikwa mtoto anayependwa. Nyatichi aliinama kusikiliza. Akabaki ameinama.