Nadhiri ya Felisa Kabla ya Mtihani wa Hesabu

"Felisa, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Huyu mwanaume ni nani?"

Mgahawa mzima nyuma ya chuo uligeuka kutazama. Hata mama mpakuaji alisimamisha upawa hewani. Delfin alikuwa mlangoni, begi la safari begani, jasho likimtiririka. Kwa hesabu za Felisa, mchumba wake alitakiwa kuwa bado baharini, kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo. Alipomwona, moyo ulimruka kwa furaha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa: akaziba masikio kwa viganja.

"Unaziba masikio? Siku hizi sauti yangu imekuwa kelele?"

Felisa alitikisa kichwa, viganja bado masikioni.

"Simu hupokei. Ujumbe hujibu. Nimembembeleza nahodha nirudi mapema, nashuka bandarini hapa Iloilo, nakukuta unakula tambi na bwana mwingine!"

Yule bwana mwingine, Arnulfo, alivua kofia. Kichwa kilikuwa cheupe kama pamba.

"Kijana, mimi mlinzi wa benki, nina wajukuu. Tunasoma pamoja masomo ya jioni, na mtihani wa mwisho wa hesabu ni Jumamosi. Ningekuwa na akili ya kuiba wachumba wa watu, ningeitumia kwenye hesabu za logi."

Watu waliangua kicheko. Delfin hakucheka. Alitoa simu, akasoma kwa sauti ujumbe wa Felisa:

"'Usinipigie mpaka nitakapokutafuta. Usiniulize sababu.' Siku hizi ndivyo watu wanavyoachana, sivyo? Haya. Nimeelewa."

Akageuka, akaondoka.

Felisa alibaki ameshika rozari mfukoni. Mchana alishona sare za shule, jioni alisomea ualimu, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanasomesha watoto. Hesabu alishaanguka mara moja. Akianguka tena, chuo kinamfuta jina, na ualimu atausikia kwa jirani. Sasa na Delfin naye anakwenda.

Akatoka mbio.

"Delfin! Ni nadhiri!"

Alimkuta kwenye ukuta wa kanisa la mtaa wa Jaro, pale wauza mishumaa wanapokaa.

"Nadhiri gani?"

"Nilimwahidi Bikira Maria, Mama wa Mishumaa, kwamba sitasikia sauti yako mpaka nimalize mtihani. Na nadhiri ukiitangaza inapoteza nguvu. Ndiyo maana sikukwambia."

"Watu wanaacha nyama, Felisa! Wanaacha soda! Wewe umeniacha mimi?"

"Unatoa kile unachokipenda zaidi."

Delfin aliegemea ukuta. Kisha akauliza polepole: "Na mimi nafanya kazi ya vipimo na hesabu kila siku. Mtu wa kwanza kukusaidia ni mimi. Kwa nini umtoe sadaka fundi, halafu umwombe Mungu akutengenezee injini?"

Felisa alianza kujibu, machozi yakamtangulia.

"Kwa sababu ulinicheka."

"Lini?"

"Kwenye simu, nilipoanguka. Ulisema, 'Mpenzi, hata watoto wa sekondari wanaiweza hiyo.' Ukacheka. Wewe ulisahau, mimi nimelala na kicheko hicho mpaka leo."

Delfin aliweka begi chini.

"Nilikuwa natania."

"Najua. Iliniuma hivyo hivyo."

"Nisamehe, Felisa. Sikujua nimekuchoma."

Felisa alimpita kando. Aliingia kanisani, akawasha mshumaa, akapiga magoti. "Mama," alinong'ona, "nilikuletea aibu yangu nikaiita sadaka. Nisamehe. Nikifaulu, nitafundisha hesabu watoto wa parokia kila Jumamosi." Alipotoka, Delfin alikuwa bado pale.

"Bado siku nne," Felisa alisema. "Ukicheka hata mara moja, unarudi melini."

Kesho yake mchana Felisa aliacha cherehani, wakakaa barazani kwake: yeye, Delfin na Arnulfo.

"Unasomaje?" Delfin aliuliza.

"Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nasoma mifano iliyofanywa. Naielewa yote."

"Funga kitabu. Mtu amesimama mbali na mnara wa kengele, anautazama kwa pembe fulani. Utapataje urefu wake?"

Felisa alikitazama kitabu kilichofungwa.

"Hiyo... ni sura ya ngapi?"

Arnulfo alikohoa. Delfin aliuma mdomo, lakini hakucheka.

"Ndipo ulipo ugonjwa, mpenzi. Mtihani wa mwaka mzima hauji na jina la sura. Unajua kila chumba, lakini hujui ubishe mlango gani. Lete mkasi."

Walikata maswali ya majaribio yote ya zamani, wakayachanganya ndani ya kopo la biskuti ambamo Felisa aliweka nyuzi za kushonea. Sheria ikawa moja: ukichomoa swali, taja njia kwanza. Kisha fanya bila kitabu. Ukikosa, linarudi koponi.

"Pembetatu!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... nimekisia."

"Lirudishe."

"Delfin, nimechoka!"

"Kopo halijachoka."

"Ukiwa mume utakuwa hivi hivi?" Arnulfo aliuliza. "Dada, kimbia mapema!"

Waligombana, wakanuniana, wakala wali na samaki bila kusemezana. Lakini kila alasiri maswali koponi yalipungua.

Jumamosi, Felisa aligeuza karatasi, akakwama kwenye swali la kwanza. Dawa inapungua kwa nusu mwilini kila baada ya saa kadhaa. Itabaki kiasi fulani baada ya muda gani? Yule Felisa wa zamani ndani yake alinong'ona: sura ya ngapi hii?

Akafumba macho. *Taja njia kwanza.*

Inapungua kwa kugawanya, si kwa kutoa. Swali linauliza muda. Logi!

Akashika kalamu. Hakuinua kichwa mpaka msimamizi aliposema basi.

Wiki iliyofuata, mwalimu alimkabidhi karatasi iliyosahihishwa. Felisa aliisoma, akaketi chini kwenye korido.

"Vipi?" Delfin, aliyekuwa akimsubiri hapo, alichuchumaa. "Felisa, sema basi!"

"Nimefaulu."

"Na mimi!" Arnulfo alipiga kelele kutoka mwisho wa korido. "Kwa tundu la sindano, lakini nimepita!"

Delfin alishika mikono ya Felisa.

"Nimekuwa mchumba wako mpaka watu wameacha kuuliza harusi ni lini. Tufunge ndoa kabla sijarudi melini. Unakubali?"

Felisa alifuta machozi kwa ile karatasi ya mtihani.

"Usikimbilie jibu. Taja njia kwanza."

"Njia gani?"

"Unaijua."

Delfin alisema, bila hata chembe ya mzaha:

"Usipojua kitu, sitakucheka. Nitakaa na wewe mpaka ujue."

"Sahihi," Felisa alisema. "Nakubali."