Hatua Tisini na Nne za Bibi

Kila alasiri akirudi kutoka shule, Kasuku alivua sare, akaosha vyombo vya mchana na kumchotea Bibi maji ya kuoga. Kazi hizo zote alizifanya akiimba. Wimbo aliousikia mara moja tu aliuimba mwanzo hadi mwisho bila kukosea, na ndiyo maana nyumbani walimwita Kasuku, hata jina lake la shuleni likakaribia kusahaulika.

Basi harusi ya dada yake ilipokaribia, hapakuwa na mjadala.

"Wimbo wa kuingilia ukumbini nakuachia wewe uuchague," Dada alimwambia. "Ila kumbuka, nitaingia nimeshikana mkono na Bibi. Wazazi wetu hawapo, yeye ndiye aliyetulea. Bila yeye siingii."

Kasuku alivimba kichwa siku nzima.

Mpiga kinanda alikuwa fundi cherehani wa mtaani, mzee ambaye tepu yake ya kupimia nguo haikutoka shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Siku za kazi alishona, siku za sherehe alipiga kinanda, na gauni la bibi harusi lilikuwa mikononi mwake vilevile. Alimpa Kasuku agizo moja tu.

"Nenda ukumbini na Bibi yako. Mtembee kutoka mlangoni mpaka mbele, uhesabu hatua zake, uniletee idadi. Wimbo tutaukata kwa kipimo hicho."

Kasuku alikwenda, lakini alikwenda peke yake. Kumsubiri Bibi ajifunge kitambaa, autafute mkongojo, ashuke ngazi moja moja, hiyo ilikuwa shughuli ya nusu saa! Na wimbo alikuwa ameshauchagua zamani, ule wa ngoma za haraka uliokuwa ukichezwa kila kona. Akatembea mwenyewe, chapuchapu, akahesabu hatua thelathini na nane.

"Umempima Bibi?" Fundi aliuliza, pini zimejaa mdomoni.

"Ndiyo, Fundi," Kasuku alijibu akitazama vidole vyake vya miguu.

Fundi aliandika namba hiyo kwa chaki kwenye ukingo wa meza, akaendelea kushona.

Siku mbili kabla ya harusi walikutana ukumbini kufanya mazoezi. Dada na Bibi walisimama mlangoni, wameshikana mikono. Kinanda kilipolia, Dada alipiga hatua, na Bibi akajitahidi kumfuata. Masikini Bibi! Mkongojo ulitaka kwenda huku, wimbo ulimvuta kule. Alijikwaa, akajikaza, akajikwaa tena. Hawajafika hata katikati, wimbo ukaisha. Ukumbini ikasikika pumzi ya Bibi tu.

Bibi alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Miguu hii imeshachoka, wajukuu zangu. Nitakaa kiti cha mbele nikusubiri. Ingia mwenyewe, mama."

"Bibi, tulikubaliana!" Sauti ya Dada ilikatika.

"Nisije nikakuaibisha mbele ya watu. Nimesema." Tayari alikuwa akitafuta kiti.

Hakuna aliyemshuku Kasuku. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo, na wimbo wake ungepigwa. Lakini alimwona Bibi akiitazama miguu yake kana kwamba imemsaliti, naye akashindwa kuvumilia. Akapiga moyo konde.

"Si miguu ya Bibi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Sikumpima. Nilitembea peke yangu, tena karibu nikimbie, halafu nikamdanganya Fundi. Nisamehe, Bibi. Nisameheni wote."

Fundi aliondoa mikono kwenye kinanda. Akamtazama Kasuku, akaishika tepu yake.

"Gauni la dada yako ningelipimia mwilini mwako, lingemfika wapi?"

"Magotini, Fundi."

"Na watu wangesema dada yako ni mrefu kupita kiasi." Dada alicheka huku akifuta machozi. Fundi akamgeukia Bibi. "Mama, nakuomba urudi mlangoni. Tembea kama unavyotembea ukienda kuanika nguo zako. Usinifuate. Safari hii nitakufuata mimi. Na wewe Kasuku, hesabu."

Bibi alisitasita, kisha akarudi. Ko! Mkongojo uligonga sakafu. Miguu miwili ikaburuzika taratibu. Ko! Fundi hakupiga kitu. Aliinamisha kichwa akisikiliza. Mkongojo ulipogonga mara ya nne, aliweka sauti moja nzito ya kinanda chini yake. Kisha mbili. Bibi akatabasamu, na bila kujua akaanza kuuimba kwa mdomo uliofumbwa ule wimbo aliowabembelezea wajukuu wake tangu uchanga wao. Kinanda kikaudaka.

Kasuku alipigwa na butwaa. Wimbo huo aliusikia maisha yake yote na hakuwahi kuuona kuwa kitu. Sasa ulijaza ukumbi mpaka darini, na mkongojo ndio uliokuwa ngoma yake. Bibi alipopumzika katikati, kinanda kilimngoja kwa sauti ndefu. Alipoondoka, kikaondoka naye. Kwa furaha, Kasuku alikaribia kupoteza hesabu. Hatua tisini na nne.

Siku ya harusi mambo yalikuwa hivyohivyo, ila ukumbi ulikuwa umejaa. Mkongojo ulipogonga mara ya kwanza, watu wote walisimama, na hakuna aliyekohoa mpaka Bibi alipofika mbele na kuuweka mkono wa Dada katika mkono wa bwana harusi. Kisha akageuka kuutazama mlango.

"Mbona ukumbi umekuwa mfupi leo?" aliuliza.

Sherehe ilipomalizika, Kasuku alimsaidia Fundi kufunika kinanda.

"Kipimo cha uongo hurekebishwa kwa kupima upya," Fundi alimwambia, "na hilo umelifanya. Lakini kumbuka hili, mjukuu wangu. Ungenyamaza juzi, Bibi yako angeamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba kosa lilikuwa la miguu yake."

Kasuku alikwenda alipokaa Bibi, akampa mkongojo wake, na safari hii akamsubiri.