Usifagie, Utamfagia Bibi!

Jumanne, tarehe tisa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, Bibi Romana hakuamka.

Mjukuu wake, Ndeshi, alimwita. "Bibi! Bibi!"
Kimya.
Ha! Macho yakamtoka pima.

Siku ya mazishi, padre alishika udongo. Akasema, "U mavumbi, na mavumbini utarudi."

Bibi amekuwa vumbi? Ndeshi akajiuliza.
Ha! Macho yakamtoka pima.

Kesho yake, kaka yake Ndeshi, Mringo, alianza kufagia sebule. Fya, fya, fya.

"Usifagie!" Ndeshi akalia. "Utamfagia Bibi!"

"Haya, tuoge vumbi kama kuku," akasema Mringo. Lakini aliweka ufagio chini.

Siku tatu hakuna aliyefagia. Chya! Mama akapiga chafya. Chya! Chya! Mringo naye.

Shangazi Aika alifanya kazi mlimani, kwenye darubini kubwa ya kutazamia nyota.
"Twende kazini kwangu, mama," akamwambia Ndeshi aliposikia habari ya ufagio.

Jua lilipozama, paa la nyumba ya darubini likafunguka. Krrr, krrr, krrr.

Shangazi akamwonyesha picha kwenye kompyuta. "Hii ni galaksi. Ni nyota nyingi mno, zimejizungusha kama gamba la konokono."

"Mbona katikati ni nyeusi?"
"Hilo ni vumbi."
"Vumbi? Hata huko juu? Hawafagii?"
Ha! Macho yakamtoka pima.

Shangazi akacheka kidogo. "Sasa tutapiga picha kwa kamera inayoona joto. Ukifumba macho, si unajua jiko lina moto?"
"Najua. Nasikia joto."
"Basi kamera hii nayo ni hivyo hivyo."

Wakangoja. Picha ikatokea polepole.
Pale penye weusi, nyota! Nyota, nyota, nyota!
Ha! Macho yakamtoka pima.

"Shangazi, nani kafagia?"
"Hakuna. Vumbi lipo palepale. Joto la nyota limepita katikati yake."

Ndeshi akauliza kwa sauti ndogo, "Na Bibi?"

"Bibi hayumo kwenye vumbi la sebuleni, mwanangu. Yuko kwa Mungu. Macho yetu hayafiki huko. Ya Mungu yanafika."

"Hata nikifagia?"
"Hata ukifagia."

Waliporudi nyumbani, Ndeshi akachukua ufagio. Fya, fya, fya.
Ha! Safari hii macho yalimtoka Mringo.

Kisha wote wakapiga magoti kando ya kitanda cha Bibi. Ndeshi ndiye aliyesali, polepole.

"Ee Mungu, mpokee Bibi Romana. Umpe pumziko la milele. Mwanga wako umwangazie. Na marehemu wote wapumzike kwa amani. Amina."