Msiba wa Duru ya Saba

"Mtani, pole kwa msiba. Mazishi saa ngapi?"

Ujumbe huo ulimkuta Belkis barazani, mbele ya televisheni iliyotolewa nje ili majirani nao waone. Ilikuwa fainali ya besiboli, duru ya saba kati ya tisa, na timu yake, Farasi, ilikuwa nyuma kwa pointi saba kwa moja. Aliyetuma ujumbe ni Radhamés, fundi friji wa mtaa wa pili na shabiki wa Majogoo, wapinzani wao. Walikuwa marafiki miaka kumi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutamka neno bila kulitia mzaha.

Belkis akajibu: "Mchezo bado. Besiboli haina saa, wewe."

"Hata maiti haina saa."

Siku nyingine angecheka. Jumapili hii alikuwa na lake moyoni. Ulises, mwenye duka la dawa, alishaleta posa kwa mama yake Belkis kwa adabu zote, na jibu lilitakiwa kesho. Belkis alimpenda Radhamés, alimpenda mpaka akajichukia. Ndiyo maana fainali ilipoanza waliwekeana dau: mshindi ataomba kitu kimoja, na mshindwa hana ruhusa ya kukataa. Yeye alitaka swali moja tu lijibiwe bila mzaha.

Na sasa Farasi walikuwa wanachapwa.

Mara ngoma zikasikika. Radhamés huyo, ameongoza watu kumi waliobeba jeneza la boksi la friji, limechorwa kwato juu. Mtaani kwao timu ikifungwa huzikwa, lakini huzikwa mchezo ukishaisha.

"Mama Mercedes, tumeleta mwili," akamwambia mama yake Belkis. "Tuuweke wapi?"

"Mwanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo," mama akasema huku akimmiminia kahawa.

"Uzazi gani, mama? Huyu keshakufa tangu duru ya nne. Belkis, lia kidogo basi, watu wametoka mbali."

"Kaa chini unyamaze."

Akakaa, tena juu ya jeneza lenyewe.

Duru ya nane Farasi wakapata pointi tatu. Wapiga ngoma wakapunguza mkono. Duru ya tisa wakapata moja, ikawa saba kwa tano. Wachezaji wao wakasimama kwenye besi zote tatu, vile vituo vya kukimbilia, lakini wawili walishatolewa. Akitolewa mmoja zaidi, basi.

"Mtani, mbona kimya?" Belkis akauliza bila kugeuza macho.

"Naomboleza."

"Unatetemeka."

Mpira ukapigwa. Ukapaa juu ya mlinzi wa kushoto, ukagonga ukuta. Wa kwanza akaingia, wa pili akaingia, wa tatu akajitupa kifudifudi na kugusa besi ya nyumbani kabla mpira haujafika. Nane kwa saba. Mchezo umekwisha.

Belkis alipanda kiti akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Alipopata pumzi akashuka, akaenda kusimama mbele ya Radhamés.

"Nadai changu."

"Dai. Nitavaa jezi yenu, nitafagia baraza lenu mwezi mzima, nita..."

"Unanipenda au hunipendi? Jibu bila mzaha."

Mama akaweka birika chini. Radhamés akainuka kutoka kwenye jeneza, uso ukamwiva.

"Nakupenda," akasema. "Mwaka wa sita huu. Kila nikitaka kusema naona utanicheka, nami nitakosa pa kuuficha uso. Niliposikia habari za Ulises nilikosa usingizi. Ningeshinda leo, ningekuomba usimkubali."

Machozi yakamtoka Belkis. Akayafuta kwa kiganja, akamgeukia mama yake.

"Mama, kesho mwambie Ulises nimeshukuru sana, ni mtu mwema. Lakini nina wangu."

"Nilijua zamani," mama akasema. "Nilikuwa nawangoja nyie."

Ngoma zikaanza upya, sasa mashabiki wa Majogoo ndio wanaopiga kwa nguvu zaidi. Radhamés akamshika mkono.

"Na Farasi wangefungwa?"

"Ningekuuliza hivyo hivyo. Ila ungekuwa na ruhusa ya kukataa kujibu."

"Nisingekataa," akasema, naye Belkis akambusu mbele ya mtaa mzima.