Jezi ya Kwanza Haivaliwi

Baada ya mechi ya kwanza ya msimu, jezi kumi na saba zilirudi kwa Mardhiya zimelowa jasho, na ya kumi na nane, ya kipa, ilirudi kavu.

Mardhiya aliinusa, maana mshona nguo hujua mengi kwa pua. Dakika tisini za jua kali, mtu karuka, kaanguka, kagaragara, na kitambaa hakina hata harufu ya kwapa. Kilinuka mawe yaliyokaa chini ya maji muda mrefu, na kwa mbali, udi. Akajisemea kuwa huenda mdogo wake kaanza kujifukiza kwa ajili ya wasichana, akaitia jezi kwenye beseni pamoja na nyenzake.

Kipa huyo alikuwa Ayoub, ndugu yake wa pekee. Mama yao alifariki Ayoub akiwa na miaka tisa, na Mardhiya akamlea kwa cherehani katika nyumba ya vyumba vitatu pale Kikwajuni, chumba cha mbele kikiwa ndicho cha kazi. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyebuni na kushona sare za klabu ya Mkunguni ya Jang'ombe, na sare hizo zilikuwa nyekundu tangu enzi za babu zao. Msimu huu akaja mwenyekiti mpya, Himid, mtu wa simu mbili na maneno mengi, naye akaja na mfadhili mwenye hoteli, na mfadhili akataka buluu. Mwenye nguvu mpishe. Mardhiya akachora buluu yenye mistari miwili myeupe mabegani, na kwa kipa, ambaye sheria inamtaka avae rangi yake mbali, akachagua kijivu.

Sasa, klabu ile ilikuwa na ada ambayo haikuandikwa popote. Jezi ya kwanza kutoka kwenye cherehani haitiwi namba wala haivaliwi. Mzee Simai, mtunza vifaa, alikuwa akiikunja ndani ya pakacha, akaipeleka kwenye pango moja nje ya Chwaka, akaifunga huko na kurudi bila ya kugeuka nyuma. Ilikuwa ya nani, hakusema, na watu hawakupenda kuuliza. Mzee Simai alifariki mwezi wa Ramadhani, na Himid alipokumbushwa alicheka.

"Hii klabu ya mpira, si kilinge," alisema.

Mardhiya angeweza kuipeleka mwenyewe. Lakini siku ilipotoka jezi ya kwanza, ile ya kijivu, ndiyo siku Ayoub alipoambiwa kuwa atakuwa kipa namba moja, baada ya misimu mitatu ya kukaa benchi. Alikuja mbio, akasimama mlangoni akihema, na picha za mfadhili zilikuwa saa kumi pale Forodhani, na hapakuwa na jezi nyengine ya kipa iliyokuwa tayari. Mapenzi ya ndugu hayana akili. Dada mtu alimvisha kwa mikono yake mwenyewe, akamtengeneza kola, akamtazama akaona fahari mpaka machozi yakamlenga.

Ilimkaa vizuri, kwa sababu alimkatia yeye. Ayoub alikuwa na bega la kushoto lililoshuka nusu inchi. Alilivunja akiwa na miaka kumi na miwili, kwa kujirusha baharini pale pale Forodhani, na tangu siku hiyo Mardhiya hakupata kumshonea nguo bila ya kulifuata bega hilo.

Mwezi wa pili wa msimu zilishonwa jezi za ugenini, nyeupe kwa wachezaji na njano kwa kipa. Ziliporudi kutoka mechi yake ya mwanzo, ile ya njano ilikuwa na mstari mwekundu kwenye pindo, upana wa kidole, umefumwa ndani ya kitambaa. Mardhiya hakuwa na uzi mwekundu nyumbani. Aliukata mstari ule kwa mkasi, akapinda upya, na wiki iliyofuata ulikuwepo tena, safari hii upana wa kiganja.

"Bi Mardhiya, umeongeza wekundu," Himid alimwambia kwa simu. "Hewala, umependeza. Mashabiki wanausifu."

Mashabiki walikuwa na sababu ya kusifu. Mechi tisa Ayoub hakufungwa hata bao moja. Mpira ulimfuata mikononi kama kuku anayefuata punje. Na mechi zote tisa jezi yake ilirudi kavu.

Ndipo siku moja aliposimama mbele ya meza ya kukatia na kusema, "Dada, jezi inanivuta huku kushoto."

Mardhiya alimpima. Mabega yalikuwa sawa sawa, kama rula.

"Bega lako limepona?"

"Limepona," alijibu, akitabasamu kwa midomo tu.

Akamshukuru Mungu, akaifumua jezi na kuinyoosha. Hakujiuliza mfupa uliounga vibaya miaka kumi unawezaje kunyooka kwa miezi miwili. Kitu kingine ndicho kilichomsumbua. Ayoub tangu utoto wake akiitwa huitika, "Naam, dada," hata awe chooni, na sasa haitiki. Ukimwita, unageuka na kumkuta kasimama nyuma yako.

Zilipotoka jezi za tatu, rangi ya mchanga kwa wachezaji na kijani kwa kipa, wekundu ulipanda kutoka kwenye pindo mpaka kifuani kwa mechi mbili. Na chumba cha kazi nacho kikaingiwa. Kile kigoda kando ya cherehani, alichopenda kukalia Ayoub zamani akimtania mbele ya wateja, kilianza kulia peke yake alasiri, kama kinavyolia mtu akikikalia. Chaki zilihama. Ubaridi ulisimama pale pale pembeni, na Mardhiya akikanyaga cherehani alihisi pumzi za mtu anayemtazama anavyoshona.

Jumatatu moja alimimina chai vikombe viwili, akaita, "Ayoub."

"Naam, dada."

Sauti ilitoka kwenye kigoda. Ilikuwa nyembamba, ya mtu aliye ndani ya kisima, lakini ilikuwa ya Ayoub hasa. Na kabla hajaweza hata kukitua kikombe, Ayoub mwenyewe akatokea kwenye pazia la ndani, kafunga mdomo, akakitazama kigoda kwa jicho la hasira, akachukua chai yake na kuondoka nayo. Mardhiya alisoma Ayatul Kursi mara saba, kwani kila mtu anajua kuwa jini huiga sauti, na kwamba sauti anayoiiga ndiyo ya yule anayemtaka.

Alimfuata Bi Mize, mganga wa Chwaka, akamleta mjini.

"Shikamoo, Bi Mize. Pita."

"Marahaba, mwanangu." Mama huyo alikaa kwenye mkeka, akafukiza ubani, akafumba macho. Halafu akanong'ona, "Yupo. Kakaa kwenye kigoda hicho. Analia."

"Anataka nini?"

"Nguo. Anasema kavuliwa, yuko uchi, anaona baridi. Anasema kuna aliyemchukulia chake, na anataka kurudi ndani." Alifumbua macho. "Nimemuuliza jina, ananitajia la mdogo wako. Hawa waongo, mwanangu, usiwasikilize."

Mardhiya alishika mdomo. Alielewa: jezi iliyokuwa ya pango kamvisha Ayoub, na mwenye jezi kaja kumchukua Ayoub. Akamsimulia Bi Mize yote.

"Tutamtoa vipi?"

"Utampima, umshonee yake, nyekundu, nimpeleke kwao. Lakini hapimwi kwa futi wala hahesabiwi. Chukua uzi, fumba macho, piga fundo kila unapofika. Ukimaliza umwambie kwa mdomo wako aende. Wewe ndiye uliyemvua, wewe ndiye atakayekusikiliza."

Walifanya Ijumaa, jua la utosi, wanaume wakiwa msikitini, isipokuwa Ayoub, aliyesema kachoka na kujifungia chumbani. Mardhiya alifumba macho, akaunyoosha uzi kuelekea kwenye kigoda, na uzi ukakaza, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa umeshikwa, akasogea nao taratibu kutoka shingoni mpaka begani, akapiga fundo, akarudi bega la pili, akapiga fundo, na vidole vyake vikawa vinagusa kitu baridi na majimaji mfano wa nguo iliyosahaulika kwenye beseni, na kitu kile kilikuwa kinatetemeka, na kikamwinamia ili akifikie kifuani, na kikanyanyua mikono kabla hajakiambia kinyanyue, naye akipiga mafundo huku jasho linamtiririka na Bi Mize akisoma, akasoma, mpaka uzi ukalegea wenyewe. Alikata na kushona saa ile ile, macho yamejaa machozi, mkono ukienda wenyewe ulivyozoea. Bi Mize akaikunja jezi ndani ya pakacha.

"Mwambie."

"Nenda," Mardhiya alisema. "Nguo yako umeshapata. Nyumba hii si yako, na ndugu yangu si wako. Nenda na usirudi tena."

Kitu kilimshika upindo wa kanga, kidogo tu, jinsi mtoto anavyomshika mamaye sokoni. Aliuvuta kwa nguvu. Kikaachia, na Bi Mize akatoka na pakacha bila ya kugeuka nyuma.

Alasiri ile chumba kilikuwa na joto lake la kawaida, na Mardhiya akacheka peke yake kwa furaha. Alifagia vipande vya kitambaa, akapanga chaki, akauokota ule uzi wa mafundo. Bi Mize keshaondoka, akawaza, hakuna ubaya kuutazama sasa. Akaulaza mezani kando ya futi.

Kutoka shingoni mpaka bega la kulia, inchi saba. Kutoka shingoni mpaka bega la kushoto, sita na nusu.

Alipima tena. Akapima mara ya tatu, polepole, kidole juu ya fundo. Nusu inchi. Mkono wake ulikuwa umeikata nusu inchi ile adhuhuri na haukumwambia, kwa sababu ulikuwa umeikata miaka kumi.

Akageukia kigoda. Aliita kwa jina, huku akiomba kwa moyo wake wote asikie ile sauti nyembamba ya kisimani.

"Ayoub. Ayoub, mwanangu."

Kigoda hakikulia. Chumba kilikuwa kimya na cha moto.

Nyuma yake pazia la ndani likasogezwa, na mlangoni akasimama kijana wa mabega yaliyonyooka, kavaa jezi ya kipa, ile ya kijani, ambayo sasa ilikuwa nyekundu tupu kutoka pindo mpaka kola. Na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, aliitika.

"Naam, dada."