Mama, Inavuta

Kila Jumapili jioni, mama msusi akishamaliza wateja, alimkalisha bintiye kwenye kigoda na kumsuka nywele za shule. Mtaa mzima ulimwita binti huyo Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Lakini tangu umeme ukatike akiwa peke yake ndani ya lifti, Chiriku alinyamaza. Mlango wowote ukifungwa, moyo ulimwenda mbio na jasho likamtoka. Na mtihani wa shule ulikuwa unakaribia, na chumba cha mtihani hufungwa.

Mama hakukaa bure. Aliuliza wateja, akapiga simu, akazunguka jiji lile kubwa mpaka akampata mshauri wa watoto aliyesifiwa sana. Kila Chiriku alipotoka kwake, mama aliuliza, "Vipi, mwanangu?"

"Vizuri, mama."

Vizuri wapi! Chumba cha mshauri kilikuwa kidogo, bila dirisha, na mlango ulifungwa ili siri za watu zisitoke nje. Chiriku alikaa humo akiitikia "ndiyo" kwa kila kitu, hamu yake ni kutoka tu. Angesemaje kuwa hapawezi, na mama amehangaika vile?

Jumapili moja mama alimsuka huku akiuliza, "Inavuta?"

"Hapana, mama."

Mama aliinama akamtazama usoni. "Hapana, na macho yamefika masikioni? Wateja wa hivi ndio wanaoniumiza kichwa. Mtu anausifu msuko, akifika kwake anaufumua, wala harudi tena. Nami kosa langu silijui."

Chiriku alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Mama, inavuta. Na kwa mshauri pia." Akaeleza yote.

Mama aliufumua msuko taratibu. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Kesho twende, utamwambia mwenyewe."

Kesho yake Chiriku alisimama mlangoni kwa mshauri. "Samahani, daktari. Mlango ukifungwa, sisikii hata unachosema."

Mama aliona haya, lakini mshauri alitabasamu. "Afadhali umesema. Chumba kingine sina, ila mwenzangu anacho." Akawaelekeza kwa mshauri mwanamke wa makamo, ghorofa ya chini, jirani na shule, kwenye chumba chenye dirisha pana.

Swali la kwanza la mshauri huyo lilikuwa, "Mlango tuuache vipi?"

"Wazi."

"Haya, wazi."

Baada ya wiki kadhaa walikuwa wakiurudisha nusu. Siku moja muuza ndoo akapita na kipaza sauti chake, na Chiriku akainuka akaufunga mwenyewe. "Tutaongeaje na makelele haya?"

Siku ya mtihani mlango ulipofungwa, moyo ulimdunda. Akavuta pumzi polepole kama alivyofundishwa, kisha akaandika mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata, mama alisema akichana, "Kumtafuta daktari ni kazi yangu. Lakini kama anakufaa, utaniambia wewe. Kuumia kimya si adabu, mwanangu."

"Nimesikia, mama. Basi hapo nyuma ya sikio inavuta."

Mama akalegeza.

"Na hapa juu. Na upande huu. Halafu kitana chako nacho..."

"Haya," mama alisema akicheka, "Chiriku wangu amerudi."