Shangazi Yangu Si Wako

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya asubuhi ile kilikuwa midomo ya Chiriku. Ilikuwa ikicheza bila kutoa sauti, kama ya mtu anayekariri. Wasichana hao wawili walikuwa wakikaa dawati moja tangu darasa la tatu, na Chiriku hakuwa mtu wa kukariri. Maneno yalimtoka yenyewe, ndiyo maana wenzake walimpa jina la ndege yule mpiga kelele. Kimya naye alipata lake kwa kuwa hakuwa na neno na mtu.

Siku hiyo kila mwanafunzi alitakiwa kusimama na kueleza anachopenda, kinachomburudisha na shujaa wake ni nani. Atakayeeleza vizuri kuliko wote angeshika kipaza sauti Jumamosi na kutangaza mechi ya darasa la sita na la saba. Kimya alikitaka kipaza sauti kile kuliko kitu kingine chochote. Jana yake, wakitoka shule, alikuwa amemsimulia Chiriku yote atakayosema, ili ajizoeze asije akashikwa na woga.

Chiriku akaitwa kwanza.

"Mimi napenda kusikiliza mpira redioni kuliko kuutazama," alianza, mikono nyuma. "Nikiosha vyombo, natangaza mechi. Vijiko ni washambuliaji, sufuria ni goli. Shujaa wangu ni shangazi yangu, golikipa. Siku moja alivunjika kidole, akakifunga kitambaa, akadaka mpaka filimbi ya mwisho."

Darasa likapiga makofi. Kimya alihisi masikio yakimwaka moto. Hata shangazi!

Zamu yake ilipofika, alisimama. "Mimi... napenda kusikiliza mpira redioni..."

"Kasuku huyo!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

"Kama huna la kusema, sema huna," mwalimu alisema. "Usiige ya mwenzako. Kaa chini."

Jioni Kimya alisugua sufuria kama anayetaka kulitoboa. Shangazi yake, ambaye siku hizi alikuwa fundi wa kushona nguo, akasimamisha cherehani.

"Haya, mwanangu, sufuria hilo limekukosea nini?"

"Umeibwa, shangazi!"

"Mimi? Na mwili wote huu? Basi aliyenibeba ana nguvu."

Kimya hakucheka. Alieleza yote, machozi ya hasira yakimlenga. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyang'anya sufuria.

"Hasira yako ni ya haki. Lakini unaimalizia kwa asiyehusika. Mimi golini nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, maana golikipa akinyamaza, mabeki watajuaje hatari inatokea wapi? Mwambie aliyekukosea."

Kimya alilala na hasira yake, akaamka nayo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Chiriku, aliyechaguliwa kutangaza, alikaa kwenye meza ya mtangazaji, mwalimu wa darasa akiwa amesimama hatua chache nyuma yake.

"Mpira uko kwa... yule mwenye soksi," Chiriku alitangaza. "Anampa mwenzake. Mwenzake naye ana soksi... Goli! Aa, samahani, umetoka nje."

Watu wakazomea. Chiriku alimwona Kimya kando ya uwanja, akamwita kwa mkono. Kimya alipofika, Chiriku alikifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Shoga yangu, chuchumaa hapa kando ya meza. Wewe ninong'oneze, mimi niseme. Hakuna atakayejua."

Damu ilimchemka Kimya. Alitamani kuipindua meza ile na vyote vilivyokuwa juu yake. Badala yake akasimama wima.

"Sikunong'onezi! Yote uliyosema darasani ni yangu. Mechi za vijiko ni zangu. Na yule ni shangazi yangu, si wako!"

Mwalimu akasogea. "Ni kweli?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Ni kweli, mwalimu."

Mwalimu akakichukua kipaza sauti, akamkabidhi Kimya. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikaimarika: "Beki wa darasa la saba ameteleza! Ameinuka, anauwahi, anaupiga mbali, mbali kabisa!" Waliokuwa wakizomea wakaanza kushangilia.

Mechi ilipokwisha, mwalimu aliwaita wote wawili. "Kimya, nilikuhukumu bila kukuuliza. Jumatatu nitalisema hilo mbele ya darasa. Na wewe Chiriku, kwa nini?"

"Sikuwa na changu, mwalimu. Nyumbani hakuna anayeniuliza napenda nini."

"Ungesema hivyo hivyo, tungekitafuta pamoja. Anachokipenda mtu ni chake, kama sura yake. Ukikichukua unamvunjia heshima, na wewe unabaki mikono mitupu. Tazama leo: ulikuwa na maneno yake, lakini mpira hukuujua. Na anayedhulumiwa asinyamaze, maana ukimya wake humfanya mwongo aonekane mkweli."

Njiani Chiriku alimshika mwenzake mkono. "Nisamehe, rafiki yangu. Yamekwisha, sivyo?"

Miaka yote ya urafiki wao, Kimya alipoulizwa hivyo aliitikia kwa kichwa tu, na moyoni akabaki na lake. Safari hii aliutoa mkono wake taratibu.

"Hayajaisha. Nimekukasirikia, na Jumatatu huenda nikawa bado nimekukasirikia. Lakini njoo tukae pamoja, dawati letu lile lile."